Niliwaita wachome nyasi Mei, wakachoma Juni 26: maoni yangu baada ya mwaka mzima

Watu watatu wameshanipigia kuuliza kuhusu lile kundi lililonichomea nyasi mwaka jana, na wote nimewajibu kwa kifupi: wako vizuri, ila wana mambo yao. Leo naandika kwa urefu, kwa sababu hayo mambo yao ndiyo hasa niliyoyalipia, na mwanzoni nilidhani wananipotezea muda.

Nilisubiri makusudi mwaka upite. Kazi ya kuchoma nyasi huwezi kuisifia wala kuilaumu siku moto unapozima. Siku hiyo utaona weusi tu, na weusi wote unafanana. Inabidi uione Oktoba imekujaje, uone mvua za kwanza, uone nani amerudi na nani hakurudi.

Shamba langu liko nyanda za juu za Njombe. Ni ekari 52 za nyasi za asili, pande mbili nimepakana na paini za watu, upande wa tatu ni bonde lenye kijito, upande wa nne ni viazi vya jirani. Nafuga ng'ombe wa maziwa 11. Nyasi hizi ni urithi wa marehemu baba, ambaye hakukubali kuzipandia miti hata bei ya mbao ilipopanda na kila mwenye kipande akakimbilia miche. Ukisimama kileleni kwangu unaona paini mpaka macho yanachoka, halafu katikati kipande chetu, rangi ya simba.

Kuna wanaosema ukitaka ndege wastarehe, acha nyasi bila moto kabisa. Na mimi niliamini hivyo. Baba alipougua tulikaa miaka minne hatujachoma. Nyasi zililala juu ya nyasi, chini kukawa na godoro la majani makavu unazamisha kiganja kizima. Miti ya miwati ikaanza kupanda kutoka bondeni. Mbayuwayu bluu, ambao tangu nikiwa mtoto walikuwa wakipita chini chini mbele ya ng'ombe, mwaka wa tatu niliona jozi moja, mwaka wa nne sikuona hata mmoja. Kisha Oktoba moja moto ukatokea ng'ambo ya kijito saa za mchana, upepo ukiwa mkali. Lile godoro likawaka kama petroli. Usiku ule tulipoteza nyasi zote 52, na jirani akapoteza paini za miaka sita. Asubuhi nilitembea kwenye majivu nikakuta kwale mmoja amekufa amekaa, ameinamia chini kama bado anaatamia. Sikuweza kumsahau.

Kwa hiyo nilijua lazima kuchoma. Nilichokuwa sijui ni lini.

Kidogo kuhusu huyo mbayuwayu, kwa wasiomjua. Dume ni bluu tupu yenye kung'aa kama chuma kipya, na mkia una nyuzi mbili ndefu. Hajengi kwenye dari za nyumba kama wale tuliowazoea. Anajenga chini ya ardhi, kwenye shimo la muhanga, yule mnyama mchimbaji anayekula mchwa, au mahali udongo ulipodidimia, anabandika kikombe cha tope na nyasi kwenye paa la shimo. Anafika kwetu Septemba au Oktoba, anazaa mvua ikinyesha, na Aprili anaondoka kwenda Uganda na maeneo ya Ziwa Victoria. Duniani kote anahesabiwa kuwa yuko hatarini, kwa kuwa nyanda anazozitaka, za juu na za ukungu, ndizo hizo hizo tunazozitaka kwa paini, chai na viazi. Hifadhi ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005 na ambayo watu wa huku tunaiita Bustani ya Mungu, ni moja ya ngome zake. Wengi huenda Kitulo kwa ajili ya maua. Mimi nilienda kumtazama yeye, na niliporudi nikaamua kutafuta watu wa kunichomea kwa utaratibu.

Kundi lenyewe ni la vijana sita na mzee mmoja, wanatoka kata ya jirani. Sitataja jina kwa kuwa sijaomba ruhusa yao, anayewataka aniulize. Mzee alifanya kazi ya kulinda misitu miaka mingi kabla ya kustaafu. Nilimpigia Aprili. Nikamwambia, "Shikamoo baba, nataka mnichomee katikati ya Mei, nyasi zikianza kukauka." Maana ndivyo tunavyofundishwa kila mahali: choma mapema, moto wa mapema ni mpole. Akaniambia, "Marahaba, mama. Nitakuja kutembea kwanza." Nikamtumia malipo ya awali, shilingi 150,000, nikaenda kufuatilia kibali kijijini, maana kuchoma bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na kwa majirani ni ugomvi usioisha.

Mei 14 akaja na vijana wawili. Hawakuwa na kiberiti wala jembe. Walikuja na kamba ya katani ya mita kama 30, imefungwa makopo ya maziwa kila baada ya hatua mbili, ndani ya kila kopo changarawe. Vijana wakashika ncha mbili, wakaanza kuivuta juu ya nyasi kwa mwendo wa mtu anayetoka kanisani, makopo yakilia kacha kacha. Mzee akawa anafuata nyuma katikati, macho chini. Ndege aliyekaa kwenye mayai hatoki kwa kuona mtu mbali, anangoja mpaka mwisho. Kamba ikimfikia anaruka, na mzee anatazama pale alipotokea, hatazami anakoelekea. Hilo alinisisitizia sana, kwa sababu jicho lako lote linataka kumfuata anayeruka.

Nusu saa haikupita, kwale akaruka karibu na mguu wangu. Nilishtuka mpaka nikakaa. Mzee akasogeza nyasi kwa fimbo bila kuingiza mkono, akaniita. Mayai sita kwenye kikalio kidogo cha majani makavu, rangi ya chai ya maziwa. Nilikuwa nimepita pale pale asubuhi nikiwapeleka ng'ombe. Akachomeka kijiti chenye kitambaa, siyo pale kiotani, bali hatua tano kaskazini yake, na akafanya hivyo hivyo kwa kila kiota. Alisema ukiweka alama juu ya kiota umewaitia kunguru na watoto wachungaji.

Siku hiyo walipata viota vinne vya kwale vyenye mayai, kimoja kimeshaanguliwa, na upande wa bonde, ndani ya nyasi ndefu iliyojiinamia ikafanya kama pango, makinda mawili ya bundi wa nyasi. Hapo vijana walisita. Kwetu bundi anaogopwa, anatajwa na kifo, na mmoja alisema wazi kwamba hata akiungua ni sawa. Mzee hakumgombeza. Alichokonoa chini kwa fimbo akamwonyesha mafuvu ya panya, madogo, meupe, mengi. Akamuuliza, "Hawa panya walikuwa wanakwenda kula viazi vya nani?" Yule kijana analima viazi. Akanyamaza, kisha ndiye aliyechomeka kijiti.

Baada ya chai mzee alinifanyia hesabu kwenye karatasi ya manila. Kwale anaatamia wiki tatu na siku kadhaa. Hatujui ameanza lini, kwa hiyo chukua kana kwamba ameanza jana, hesabu siku 25. Vifaranga vinatembea siku hiyo hiyo vinapotoka, lakini kutembea hakuviokoi na moto, vinahitaji kama wiki mbili ndipo viweze kuruka kidogo. Ukijumlisha unatua mwisho wa wiki ya tatu ya Juni. "Tutachoma baada ya Juni 20," akasema. "Siku nitakuambia."

Nilikasirika, sifichi. Kibali changu kilikuwa cha Mei. Nyasi zilikuwa zinakauka, na kumbukumbu ya ile Oktoba ilinifanya nione kila siku ya kungoja ni hatari. Nikamwambia wataalamu wote wanasema choma mapema. Akaniambia maneno ambayo nimeyaandika nyuma ya ile manila: moto wa mapema ni mpole kwa udongo na kwa miti, lakini mapema ya mti na mapema ya ndege si siku moja. Mei kwetu mvua ndiyo kwanza imeondoka, na kwale na bundi wako katikati ya malezi. Ukingoja mno, Septemba na Oktoba, moto ni mkali na mbayuwayu ameshafika. Kinachobaki katikati ni kidirisha cha wiki tano au sita, kuanzia mwishoni mwa Juni.

Kesho yake alinisindikiza ofisini kubadilisha tarehe ya kibali, na yeye ndiye aliyeeleza. Hilo peke yake lilistahili sehemu ya pesa, kwa sababu mimi ningeambiwa nirudi wiki ijayo.

Walirudi Juni 24, wakapitisha kamba tena. Viota vyote vinne vya kwale vilikuwa maganda matupu, yamekatwa vizuri upande mpana kama yai lililofunguliwa kwa kijiko. Bundi walikuwa wameondoka, pango limebaki na manyoya. Wakagawa shamba vipande vitatu, siyo kwa kamba na vipimo bali kwa kufuata njia za ng'ombe na mkondo wa maji. Cha juu, kama ekari 18, ndicho cha kuchoma mwaka huo. Cha kati mwaka unaofuata, cha bondeni mwaka wa tatu. Niliuliza kwa nini tusimalize vyote tupumzike. Jibu lake lilikuwa kwamba kuna ndege wanaotaka nyasi fupi na wengine hawawezi kujenga bila nyasi ya zamani, na ukichoma yote umewaalika wa kwanza ukiwafukuza wa pili.

Kuzunguka kipande walikwangua kwa jembe ukanda wa hatua tatu, wakaulowanisha, kisha wakachoma ndani yake kidogo kidogo mpaka barabara ya moto, yaani ukanda mtupu wa kuuzuia usivuke, ikafika upana wa hatua kama kumi. Upande wa paini waliipanua zaidi, na jirani alikuja kusimama na kuangalia mwenyewe. Vifaa vyao ni vya kawaida: majembe, matawi mabichi ya miwati, vipande vya matairi ya zamani vilivyopigiliwa kwenye mipini kwa kupigia moto, na mabomba matatu ya mgongoni ya lita 16, yale ya kupulizia dawa ya viazi.

Siku yenyewe, Juni 26, asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa baridi iliyoganda. Saa nne mzee alikata ngumi ya nyasi akaisokota. Ikapinda. Akaketi. Saa saba akaisokota tena, nusu ikapinda nusu ikavunjika. Vijana walitaka kuwasha, na mimi nilikuwa upande wao. Akasema mchana upepo unapanda, wa kuuendesha moto ni upepo na siyo sisi. Saa tisa na nusu nyasi zikavunjika kwa mlio. Saa kumi upepo ukaanza kulegea, ndipo akawasha.

Na aliwasha upande ambao sikutegemea. Alianza kule upepo unakoelekea, ili moto urudi nyuma dhidi ya upepo. Moto wa namna hiyo hautishi. Ulikuwa unafika magotini, unatembea pole pole, ungeweza kuuruka. Uliunguza majani makavu ya juu ukaacha mashina ya nyasi yakiwa hai ndani. Nilichimbua mawili matatu siku iliyofuata nikaona moyo mweupe umebaki hai.

Jambo jingine, na kwangu hili ndilo kubwa kuliko yote: hawakuzungushia moto. Wawindaji wetu wanawasha pande zote wakutane katikati, na kila kilichomo ndani kinakwisha. Hawa waliacha wazi mpaka mwisho upande mzima unaopakana na kipande cha kati. Nilisimama pale na mtungi wangu wa maji nikahesabu wanaovuka: sungura wawili, panya bila idadi, kisha kwale na vifaranga vyake saba, wakubwa kama ngumi ya mtoto, wakaruka wakatua kwenye nyasi ndefu ng'ambo ya njia ya ng'ombe. Mayai yale niliyoyaona Mei yalikuwa sita, kwa hiyo hao walikuwa wa mama mwingine kabisa, ambaye hata kamba haikumwona. Nililia kidogo. Nilimkumbuka yule wa Oktoba.

Kufika saa moja usiku umande ulianza kushuka na moto ukawa unajifia wenyewe ukingoni. Nilifungua simu kuangalia FIRMS, ile huduma ya bure ya NASA inayoonyesha mioto kwa setilaiti. Usiku ule wala kesho yake hapakuwa na alama yoyote kwangu. Mzee alinieleza, na inaingia akilini: setilaiti zenye jicho zuri zaidi la kazi hii zinapita kama saa saba na nusu mchana na saa saba na nusu usiku, na kila nukta yake inasimamia eneo la mita 375 kwa 375. Moto mdogo uliowashwa saa kumi jioni ukafa kabla ya usiku wa manane unapita katikati ya macho hayo. Kwa hiyo kwa moto wa mapema usiitegemee ikuthibitishie kazi. Ambapo nimeiona tamu ni kwenye kumbukumbu: unaweza kurudi nyuma mpaka mwaka 2000 ukaona eneo lako limekuwa likiungua miezi gani. La kwetu nukta zimerundikana Septemba na Oktoba. Ukiweka hizo nukta kando ya tarehe anazofika mbayuwayu, huhitaji mtu akueleze tatizo.

Sasa lawama zangu.

Vijana waliondoka mapema. Usiku ule alibaki mmoja tu mpaka saa nne, naye akaenda kulala. Siku ya tatu mchungaji wangu aliona moshi mwembamba karibu na mpaka wa paini. Ilikuwa kinyesi cha ng'ombe kikavu, kikubwa kama sahani, kinafuka ndani kwa ndani siku mbili nzima bila mwali, na upepo wa mchana ulikuwa unakipulizia. Tulikizima kwa ndoo mbili. Nilipompigia mzee hakujitetea. Alileta vijana wawili wakazunguka ukingo wote siku tatu, wakivunja kila kinyesi na kila kisiki kwa jembe na kuweka mkono kusikia joto, na hakunitoza. Lakini kazi hiyo ilitakiwa kuwa ndani ya bei tangu mwanzo. Mkiwaita, andikianeni kabisa: ulinzi wa siku tatu baada ya moto, watu wawili.

Pili, bomba moja kati ya matatu lilikuwa linavuja kwenye mpira wa shingo, na jingine lilinuka dawa ya ukungu. Walikuwa wanalijazia kwenye birika la ng'ombe wangu. Niliwazuia, nikatoa ndoo ya pembeni, nikamwaga birika lote. Mwenye mifugo awe macho hapo.

Tatu, hawakunionya vya kutosha kuhusu malisho. Kipande kilichochomwa Juni hakichipui haraka, baridi inakibana hadi unyevu wa Septemba. Julai na Agosti ng'ombe wangu waliishi kwa majani niliyokata bondeni nikayafunga marobota. Maziwa yalipungua. Ningejua ningekata mapema zaidi.

Nilipoona hivyo, Septemba nilimpigia tena nikataka anichomee kile cha kati, nipate majani mabichi ya haraka. Alikataa. Akaniambia niende kwanza kwenye kipande cheusi nikae nusu saa bila kusogea. Nilienda. Ndege wawili aina ya ndoero walinipigia kelele mpaka masikio yakauma, na baada ya muda mmoja akarudi kukaa chini, mahali patupu kabisa, kwenye majivu na vijiwe. Mayai matatu yenye madoa, ungeyakanyaga bila kujua. Ndoero hataki nyasi ndefu, anataka aone adui kwa mbali. Mzee anasema wako ndege wengine wa kukimbia chini ambao mayai yao ni meusi kama mkaa, maana wamezoea kutaga penye kuungua. Kwa hiyo moto uliwapa nyumba, na moto wa pili ungewaua ndani ya nyumba hiyo. Nikaacha. Nilinunua pumba.

Oktoba 9 asubuhi nilimwona mbayuwayu wa kwanza. Alipita chini, usawa wa kiuno, juu ya kipande kilichochomwa ambapo majani mapya yalikuwa urefu wa kidole, akageuka, akapita tena. Jioni wakawa wawili. Vijana walikuwa wameniwekea vijiti kuzunguka mashimo matano ya muhanga ili mtu wala ng'ombe asikanyage juu ya paa likaporomoka, na jozi hiyo ikachagua la pili kutoka kwenye mwamba. Sikuchungulia. Mzee alinifundisha kukaa hatua 30 mbali na kuhesabu safari. Mwanzoni walikuwa wanaingia na tope mdomoni. Mwishoni mwa Novemba walikuwa wanaingia kila baada ya dakika chache na kutoka na kinyesi cha makinda kama vipande vya chaki.

Kabla ya hapo, Oktoba 17, moto ulikuja. Njia ile ile, ng'ambo ya kijito, mchana wa upepo. Nilisimama kileleni na ndoo isiyo na maana yoyote mkononi. Uliunguza sehemu ya bonde langu, ukapanda, ukafika kwenye majani mafupi mabichi ya kipande cha juu, ukakosa cha kula. Shimo la pili kutoka kwenye mwamba liko hatua kama 80 kutoka pale ulipokomea. Kesho yake FIRMS ilionyesha nukta nyekundu pande zote za bonde, na kwetu juu pamebaki patupu.

Februari, mvua ikiwa imekolea, kipande cha kati, kile nilichotaka kukichoma Septemba, kilijaa wale ndege weusi wa mkia mrefu wenye njano begani. Madume yanaruka kama yanazama hewani. Majike yalikuwa yanaingia na kutoka kwenye nyasi ya mwaka juzi.

Bei yote ilikuwa shilingi 480,000: kutembea mara mbili, barabara ya moto, siku ya kuchoma, na hiyo manila. Kiberiti ni shilingi mia mbili, najua, na ndugu zangu wamenikumbusha. Kwa mwenye ekari tano za majani ya kukata sidhani kama inalipa. Kwa vijiji vyenye malisho ya pamoja, mkichangishana, inalipa vizuri. Na msichukue tarehe zangu mkaenda nazo kwingine. Jamaa yangu wa Kinangop, Kenya, ambako mvua zinakuja mara mbili kwa mwaka na kuna yule ndege wa nyasi wa kifua cha njano asiyepatikana nje ya Kenya, aliniomba kalenda. Nilimwambia Juni yangu haitamfaa, atafute mtu wa kwake mwenye kamba na makopo.

Ukiwataka, wapigie Machi, kwa sababu Mei nzima wanatembea na hawapokei kazi mpya. Mimi nimeshalipa. Mwaka huu ni zamu ya kipande cha kati. Mzee alipita juzi na kamba, tukapata kwale wawili na kiota kimoja cha ndege mdogo ambaye hata yeye alikaa akimtazama muda mrefu. Tarehe bado hajanipa.